Pilipili mbuzi kwenye ndoo: mwongozo kamili kwa anayeanza, uani kwako Tanga

Nyumba nyingi za Ngamiani na Chumbageni zina ua wa saruji tupu. Pa kulima hapana, ila jua lipo la kutosha, na ndoo hazikosekani. Kwa mazingira hayo, mmea wa kuanza nao ni pilipili mbuzi. Nyanya kwa joto la pwani na unyevu wake inasumbua kweli, na mwanzoni atakayevunjika moyo ni wewe. Pilipili inalipenda joto, inakaa kwenye chombo bila kinyongo, na mche mmoja ukitunzwa unalisha nyumba nzima: mihogo ya jioni, samaki wa kupaka, kachumbari, na achari ya kuweka kwenye chupa.

Kuna jambo moja litakalojirudia humu ndani, kwa hiyo nalitanguliza. Pilipili ya kwenye ndoo mara nyingi huuawa na maji, si na kiu. Mizizi inavuta hewa. Udongo ukilowa na kushikana, hewa haina pa kupita, mizizi inaoza, majani yanalegea, na mwenye mmea akiyaona yamelegea anakimbilia kopo la maji. Hapo ndipo anapoumaliza. Karibu kila hatua hapa chini, kuanzia matundu ya ndoo hadi mchanganyiko wa udongo, ni njia ya kuipa mizizi hewa.

Uanze lini

Mmea unaweza kupandwa mwezi wowote, lakini kuna wakati unaokurahisishia kazi. Masika ya Tanga hupiga kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili na Mei ndiyo miezi ya mvua nzito. Miche midogo ikikutana na mvua hizo inaoza shingo. Kwa hiyo sia mbegu mwishoni mwa Aprili au Mei, sehemu yenye paa, ili miche iwe tayari kuhamia kwenye ndoo Juni mvua zikikatika. Kusi ikianza kuvuma kunakuwa na ubaridi kidogo, mmea unajijenga mizizi na matawi, na hadi vuli inakaribia unakuwa umeshaanza kubeba. Ukichelewa sana, mmea mchanga unaangukia kaskazi, joto la Januari na Februari, na maua mengi yanapukutika.

Taa za kuoteshea ndani hazina kazi hapa. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na mchana wetu unakaribia saa 12 mwaka mzima. Tafuta mahali panapopigwa na jua kwa saa sita au zaidi. Jua zuri kuliko yote ni la asubuhi hadi saa saba mchana. La alasiri kwenye ukuta wa saruji linachoma, na ukuta wenyewe unaendelea kutoa joto hadi usiku.

Mbegu

Mbegu za dukani zipo, na kama pakiti imeandikwa F1, yaani mbegu chotara, elewa kwamba utavuna vizuri mara hiyo, lakini mbegu utakazotoa kwenye matunda yake hazitazaa kitu kilekile. Kwa anayeanza, mimi napendelea njia ya sokoni. Nenda Mgandini asubuhi, chagua pilipili iliyoiva kabisa, nyekundu au ya njano, yenye umbo na ukali unaoutaka, isiyo na doa jeusi wala tundu la mdudu. Usichukue mbichi hata kama ni kubwa, mbegu zake hazijakomaa.

Ipasue, toa mbegu, zianike kwenye sahani kivulini siku kadhaa. Usizianike kwenye bati juani. Zile nyembamba au zenye weusi zitupe. Kazi hii ifanye na mfuko wa plastiki mkononi, na usijishike jicho.

Pilipili kichaa inafuata maelekezo haya haya, isipokuwa inachelewa zaidi kuota na matunda yake ni madogo, kuvuna kunakuwa kazi ya subira. Hoho ni habari nyingine. Inaogopa joto kuliko hizi mbili, usianze nayo.

Ndoo

Ndoo ya lita 20 ndiyo saizi inayofaa. Ya lita 10 itabeba mmea, lakini utamwagilia kila siku na mavuno yatakuwa madogo. Tumia iliyokuwa na mafuta ya kula au chakula. Iliyobeba dawa za mashamba, mafuta ya gari au rangi ya mafuta iache, utakula vilivyomo.

Toboa chini matundu manane hadi kumi, upana wa kidole kidogo, kwa msumari uliopashwa moto au chuma cha mkaa. Ongeza manne ubavuni, karibu kabisa na kitako, kwa sababu ndoo ikikaa sakafuni yale ya chini yanaziba. Iweke juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke na hewa ipite.

Kuna mazoea ya kutandika kokoto chini ya ndoo ili maji yashuke. Achana nayo. Maji hayatoki kirahisi kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanasimama juu yake hadi udongo ushibe kabisa, na kumbe umepandisha tope karibu zaidi na mizizi. Weka kipande cha chandarua kuukuu juu ya matundu ili udongo usimwagike, basi.

Kama ndoo ni nyeusi, ipake chokaa nje. Jua la Februari likiipiga ndoo nyeusi, mizizi ya upande huo inaiva.

Udongo, na hapa usifanye haraka

Udongo wa kuchota uani peke yake haufai. Shambani minyoo na mizizi mingine huufungua, ndani ya ndoo unashindiliwa na maji ya kila siku hadi unakuwa kama sakafu. Mchanganyiko ninaoshauri ni huu, kwa kipimo cha kopo moja:

- makopo mawili ya udongo wa juu, ule wa tabaka la kwanza chini ya miti au shambani
- kopo moja la samadi iliyooza
- kopo moja la kitu cha kufungua udongo: maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kuwa majivu, au unga wa makumbi ya nazi

Tuyachukue moja moja. Udongo mwekundu wa kuelekea Muheza ni mzuri lakini unashikana, kwa hiyo ukiutumia ongeza nusu kopo la mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usiuguse hata kama uko mlangoni kwako. Una chumvi, na pilipili ni dhaifu kwa chumvi.

Samadi mjini Tanga si taabu, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wametapakaa mitaani na wengi wanafurahi ukiwapunguzia lundo. Swali la kumuuliza mwenyewe ni moja: "Hii imekaa muda gani?" Unataka ya miezi mitatu au zaidi, iliyogeuka nyeusi, inayovunjika mkononi na inayonuka udongo. Ikiwa bado inanuka zizi au ina joto ukiingiza mkono, itaunguza mizizi. Ya kuku ni kali zaidi. Ikiwa ndiyo uliyonayo, ioze kwanza kwa miezi, kisha tumia nusu ya kipimo.

Unga wa makumbi una mtego wake. Huku pwani makumbi hufukiwa kwenye matope ya bahari ili usumba ulainike kwa kusokota kamba, na unga unaotokana na makumbi ya namna hiyo umejaa chumvi. Hata ambayo hayakufukiwa huwa na chumvi kiasi chake. Loweka kwenye maji baridi, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Ukionja maji ya mwisho ulimi usihisi chumvi.

Changanya vyote vikiwa vikavu nusu, halafu fanya jaribio hili kabla ya kujaza ndoo. Lowesha kiasi, shika konzi moja, kaza ngumi, fungua. Bonge linatakiwa likae, lakini ukiligusa kwa kidole litawanyike. Likigoma kutawanyika na kuacha alama za vidole vyako, ongeza maganda ya mpunga. Likikataa hata kushikana, ongeza udongo. Jaribio la pili: jaza kopo lenye matundu, mwaga maji juu. Yakisimama juu zaidi ya dakika moja bila kuanza kutoka chini, mchanganyiko bado ni mzito.

Kama udongo ulitoka kwenye shamba la nyanya, bilinganya au pilipili, una uwezekano wa kubeba minyoo fundo na magonjwa ya mnyauko. Ulowanishe, utandaze, ufunike kwa nailoni angavu juani wiki nne hadi sita wakati wa jua kali. Anayeona hiyo ni kazi, atafute udongo wa mahali palipokuwa na mahindi au majani tu.

Kusia

Loweka mbegu kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha. Vikombe vya plastiki vya maziwa mgando, ukivitoboa chini, ni kitalu tosha. Jaza udongo ule ule lakini uliochekechwa, usiwe na mabonge, na samadi iwe kidogo. Weka mbegu mbili au tatu kila kikombe, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja, funika, nyunyiza maji kwa mkono.

Joto linalopendwa na mbegu hizi ni nyuzi 25 hadi 30, ambalo Tanga tunalo bure. Zitaanza kuchomoza baada ya siku nane, nyingine hata wiki tatu, usizifukue kuzichungulia. Funika vikombe kwa jani la mgomba ili unyevu usitoroke, lakini chunguza kila asubuhi. Siku utakayoona kijani cha kwanza, jani la mgomba liondoke siku hiyo hiyo. Ukiliacha, miche inapata kinyausi: shina linasinyaa usawa wa udongo na mche unalala kama uliokatwa. Hakuna dawa ya kuuinua tena.

Mche ulioachwa ndani karibu na dirisha unarefuka shingo ukitafuta mwanga, kisha unaanguka. Utoe nje kwenye jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja au mbili mwanzoni, uongeze kila siku. Vikiota viwili kikombe kimoja, ukifika wakati wa majani mawili ya kweli kata kile dhaifu kwa mkasi. Usiking'oe, utavuruga mizizi ya mwenzake.

Kuhamisha

Wiki ya tano au sita mche una majani ya kweli manne hadi sita na shina limekakamaa. Hamisha jioni, jua likishapoa. Mwagilia kikombe saa moja kabla, kipindue huku shina likiwa kati ya vidole, bonge litoke zima. Liweke kwenye ndoo kwa kina kile kile lilichokuwa nacho. Kufukia shina ni mambo ya nyanya. Acha nafasi ya vidole vitatu kati ya udongo na mdomo wa ndoo, hapo ndipo maji yatakaposimama yakiingia.

Mmea mmoja, ndoo moja. Najua itakuuma kuona nafasi yote hiyo, lakini baada ya miezi miwili haitakuwepo.

Siku nne za kwanza ukae kivulini nusu. Chomeka kijiti pembeni na ufunge kwa kamba ya katani, kwa fundo lililolegea, maana kusi inaweza kuvunja shina lililobeba. Kama uko Raskazone au karibu na maji, upande wa upepo wa bahari weka kizuizi, hewa ile huja na chumvi inayounguza ncha za majani. Tandaza majani makavu au vipande vya makumbi juu ya udongo, yasiguse shina.

Kumwagilia

Sahau ratiba ya "kila siku asubuhi na jioni". Ndoo ndiyo itakayokuambia. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu chini, ondoka. Kukiwa kukavu, mwagilia taratibu hadi maji yatoke kwenye matundu, kisha usirudi hadi kidole kikute ukavu tena. Njia nyingine ni uzito: inua ndoo upande mmoja mara tu baada ya kumwagilia, kisha uinue tena siku iliyofuata. Mkono unajifunza haraka.

Mwezi wa Juni mmea mdogo unaweza kukaa siku tatu bila maji. Januari, mmea mkubwa uliobeba utadai kila siku, pengine lita mbili.

Majani kulegea saa saba mchana si kilio cha kiu, mmea unajikinga tu na jua. Uangalie jioni. Ukisimama wenyewe, uache. Ukiamka asubuhi na mapema bado umelegea, ingiza kidole: udongo mkavu, mpe maji, udongo umelowa, kuna tatizo la mizizi, acha maji, sogeza kivulini, kagua matundu kama yameziba.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, usioshe majani. Maji ya bomba yanafaa, yakilala kwenye ndoo usiku klorini inapungua. Ya kisima kilicho karibu na bahari yaonje kwanza. Ukihisi chumvi, usiyatumie. Masika ikikukuta na mmea mkubwa, usogeze chini ya ukingo wa paa, lakini si pale michirizi ya bati inapodondokea.

Mbolea

Wiki tatu za kwanza baada ya kuhamisha usiweke kitu, samadi iliyomo inatosha. Baada ya hapo, konzi moja ya samadi iliyooza juu ya udongo kila mwezi, ukiifukia kidogo kwa vidole. Anayetaka kuongeza ya dukani, kijiko kimoja cha chai cha NPK 17:17:17 kwa ndoo kila wiki nne, mbali na shina, juu ya udongo wenye unyevu, kinatosha kabisa. Urea iache dukani. Mmea utanenepa, majani yatakuwa ya kijani kibichi cha kupendeza, majirani watausifia, na hautazaa.

Majivu ya kuni yana potasiamu, ambayo ndiyo inayotakiwa wakati wa maua, lakini yanapunguza uasidi wa udongo. Kijiko kimoja cha chakula kila miezi miwili, zaidi ya hapo unaharibu.

Maua na matunda

Mche ukifika urefu wa shibiri moja na nusu hivi, unaweza kukata ncha ya juu ili utoe matawi ya pembeni. Pilipili mbuzi hujigawa matawi yenyewe, kwa hiyo si lazima. Maua yakitokea mmea ukiwa bado mdogo wa kiganja, yatoe, ujijenge kwanza.

Ua la pilipili lina dume na jike ndani yake. Nyuki wakikosekana uani, tikisa matawi kidogo asubuhi saa tatu au nne. Maua yakipukutika mengi, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: joto la mchana kupita nyuzi 35, kumwagilia kwa kushtukiza (kiu kisha mafuriko), na mbolea nyingi ya majani. La kwanza dawa yake ni kipande cha kuti juu ya mmea saa sita hadi saa tisa.

Tunda likitokea doa jeusi lililodidimia kwenye ncha, wengi hudhani ni ugonjwa. Ni upungufu wa kalisi kwenye tunda, na karibu kila mara hutokana na maji yasiyo na mpango, si udongo kukosa kalisi. Rekebisha maji.

Wadudu

Kila unapomwagilia, geuza majani mawili matatu uone upande wa chini. Vidukari hujazana kwenye ncha laini, na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina, ujue wapo, maana wanawafuga kwa ajili ya utomvu mtamu. Inzi weupe hurukaruka ukitikisa mmea. Kwa wote hao, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku nne au tano. Asubuhi suuza kwa maji safi.

Mwarobaini nao unafanya kazi, na miti ipo kila mtaa. Twanga gramu 500 za mbegu kavu, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ili ishike, nyunyiza jioni hiyo. Usiiweke siku kadhaa, jua na muda vinaipunguza nguvu.

Utitiri ndio wanaosumbua zaidi. Huwaoni kwa macho, unaona majani mapya yamejikunja, magumu, membamba. Kata ncha zilizoharibika uzichome, kisha tumia salfa ya unga wa kuchanganya na maji kwa kipimo cha kwenye pakiti, jioni, na kamwe siyo wakati mmoja na dawa ya mafuta. Majani yakijikunja na kuwa na mabaka ya njano kwa mmea mzima, huenda ni virusi. Hivyo havitibiki, ng'oa mmea kabla inzi weupe hawajavipeleka ndoo ya pili.

Masika konokono hupanda usiku; waokote kwa tochi. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi, kwa hiyo zikiiva nyekundu watakutangulia. Na mbuzi wa jirani atakula majani bila wasiwasi wowote.

Kuvuna

Kuanzia kuhamisha hadi tunda la kwanza kuiva ni kama miezi mitatu, nyingine hadi minne. Unaweza kuvuna ikiwa kijani ikishajaa, lakini ikigeuka rangi harufu yake ndiyo pilipili mbuzi yenyewe. Kata kwa mkasi na kikonyo chake. Ukivuta unavunja tawi. Vuna mara kwa mara, kwa sababu matunda yakiachwa yakomae yote mmea unapunguza maua mapya.

Ukali wake hauyeyuki kwenye maji. Mikono ikiwaka, jipake mafuta ya kupikia, sugua, kisha osha kwa sabuni. Mdomoni, maziwa mgando.

Kukausha Tanga kunahitaji akili kidogo, kwa unyevu wetu pilipili nzima inaota ukungu ndani kabla haijakauka nje. Ipasue katikati, ipange kwenye chekeche au chanja ili hewa ipite chini, ianike juani na uiingize ndani jua likianza kuzama. Imekauka pale inapovunjika kwa mlio. Ikijikunja tu bado. Hifadhi kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza. Za kusaga na ndimu na chumvi hazihitaji yote hayo, zisage mbichi.

Usiung'oe mmea baada ya mavuno ya kwanza, unaweza kuishi miaka miwili hadi mitatu. Mavuno yakipungua sana, kata matawi ubakize theluthi moja ya urefu, juu kidogo ya macho yanayochipua, kwangua vidole viwili vya udongo wa juu na ujaze samadi mpya. Fanya hivyo mwishoni mwa masika. Kwa wiki mbili utaonekana kama kuni iliyochomekwa kwenye ndoo. Ukikwangua gome kwa ukucha ukakuta kijani, endelea kuupa maji machache. Ukikuta kahawia hadi chini, mwaga udongo ule kwenye mgomba, kwa pilipili nyingine uchanganye mpya.